ORODHA NA KAMUSI: MITUME 12 WASIGEUKE 9



Kuna luga moja ndogo ambayo watu wa kompyuta wanaandika nayo matengenezo ya programu zao. Jina lake YAML, ilitokea mwaka 2001. Ndani yake vitu vingi vinakusanywa kwa njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni orodha. Mbele ya kila kitu tunatia kistari na nafasi moja:

- Amisi
- Asumani
- Amisi

Hapa kompyuta inashika utaratibu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jina likirudi mara mbili, si shida.

Ya pili ni kamusi. Tunaandika jina, nukta mbili, nafasi moja, halafu kile tunachotafuta:

Amisi: 62
Asumani: 55

Hapa hatuulizi nani wa kwanza. Tunauliza: Amisi ana pointi ngapi? Basi sheria inasema kila jina liandikwe mara moja tu.

Na ukiandika Amisi mara mbili? Programu zingine zinakataa, na hiyo ni heri. Lakini zingine, kama PyYAML, zinanyamaza tu: zinashika Amisi wa mwisho, wa kwanza anatupwa.

Fungueni Luka 6, mhesabu mitume. Ni 12. Lakini Simoni ni wawili, Yakobo wawili, Yuda wawili. Ukiwatia katika kamusi kwa jina la kwanza, wanabaki 9. Simoni Zelote anakaa pahali pa Petro. Tena Yuda Iskariote, sababu ni wa mwisho, anakaa pahali pa Yuda wa Yakobo. Petro amepotea, msaliti amebaki!

Kwetu Kasongo na Kabambare, darasa moja laweza kuwa na Amisi watatu. Tufanye namna gani? Tuandike orodha, na ndani yake kamusi ndogo kwa kila mtu:

- namba: 14
  jina: Amisi
  pointi: 62
- namba: 15
  jina: Amisi
  pointi: 41

Mwanzo wa mstari sogeza kwa kitufe cha nafasi tu; tabo imekatazwa.

Hata bila kompyuta, jizoeze katika kaye yako. Kila mara ujiulize: nataka utaratibu, ao nataka kuita kitu kwa jina lake? Mwenzetu aliyetumika mwaka muzima asipoteze pointi zake juu ya jina tu.