Umebeba mbwa Lubao na anakungurumia akikula? Soma hii

Kama umebuy kambwa pale soko ya mbwa Lubao, Kakamega, usishangae akijificha chini ya kiti siku ya kwanza. Ametolewa kwa mamake, akafungwa kamba, akabebwa na boda. Usimvute. Weka ugali na omena hapo karibu, atakuja mwenyewe.

Noma ni akianza kukungurumia ukikaribia sahani yake. Wasee wengi humchapa. Zii! Ukimchapa anaacha kunguruma, uoga unabaki, halafu siku ingine anauma bila onyo. Na anayeumwa kawaida ni mtoi. Wewe ukipita, mrushie kanyama kidogo uende zako. Pole pole atakuwa anakungoja akitingisha mkia.

Na akifika miezi mitatu, mpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa.