Mpelelezi Asiye na Cheo: Upelelezi wa Majirani katika Vichekesho vya Runinga

Aliyewahi kupanga chumba katika mtaa wa Makongeni mjini Thika hahitaji kuelezwa upelelezi wa ridhaa ni nini. Katika ploti ambamo wapangaji huchota maji kwenye mfereji mmoja na kuanika nguo kwenye kamba moja, kila jirani anajua nani aliingia saa ngapi, nani amebadili kufuli na nani hajalipa kodi. Maarifa hayo ndiyo mtaji wa aina moja ya vichekesho vya runinga, vile ambavyo raia wasio na cheo wala mafunzo hujitwika jukumu la kufumbua kifo kilichotokea jengoni mwao.

Mfano maarufu ni Only Murders in the Building, kipindi cha Kimarekani kilichoanza kuonyeshwa Agosti 2021. Wapangaji watatu wa jengo moja la New York, wazee wawili wanaoigizwa na Steve Martin na Martin Short pamoja na msichana anayeigizwa na Selena Gomez, wanachunguza kifo cha jirani yao na kuusimulia uchunguzi huo katika podikasti. Polisi wamekwisha kuamua kwamba marehemu alijiua. Kicheko kinatokana zaidi na makosa ya wapelelezi kuliko ujanja wao: wanamshuku mwanamuziki Sting, kisha wanamtuhumu mfadhili wa podikasti yao wenyewe, ilhali muuaji ni mpenzi wa mmoja wao. Hapa pana kinaya kizito. Jicho la jirani huona karibu kila kitu isipokuwa kilicho karibu mno.

Mpelelezi wa namna hii si mgeni katika Kiswahili. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeingia uwanjani kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hakuwa askari. Alikuwa raia mwenye kiko na fikra pevu, akiandamana na rafikiye Najum. Wahakiki wamezoea kumlinganisha na Sherlock Holmes. Lakini Bwana Msa hakosei sana. Najum ndiye akosaye kwa niaba ya msomaji. Kipindi cha Kimarekani kimewafanya wapelelezi wote watatu kuwa akina Najum, Msa hayupo.

La kustaajabisha ni kwamba vichekesho vikongwe vya runinga ya Kenya havikumrithi Bwana Msa. Vimeukabidhi ukweli kwa wenye vyeo. Katika Vioja Mahakamani, mhusika kama Ondiek Nyuka Kwota hujifunga kwa ulimi wake mwenyewe mbele ya kiongozi wa mashtaka, nafasi aliyoigiza Gibson Mbugua, aliyefariki mwaka 2022. Inspekta Mwala wa Davis Mwabili naye ni polisi, hata kama ni polisi wa kuchekwa. Jirani huitwa kama shahidi tu.

Si uvivu wa watunzi. Katika jengo la New York, tuhuma potofu huishia kwenye aibu. Katika mtaa wa ploti, sauti moja inayosema “mwizi ni yule!” yaweza kukusanya umati kabla ushahidi haujapimwa, na kosa ambalo ndilo chakula cha ucheshi huu likawa mauti ya mtu. Kizimbani, mtuhumiwa amekwisha kuepushwa na umati. Mtazamaji hucheka bila wasiwasi.

Kwa hiyo, mtunzi atakayewapeleka wapelelezi wake Makongeni hatakosa vidokezo: yupo keateka mwenye funguo zote, yupo mtoto aliyetumwa dukani usiku. Ugumu utakuwa katika kupima taharuki. Jirani aachwe akosee kwa kiasi gani kabla ya ukemi kupigwa? Na nani katika ploti atathubutu kusema “ngojeni kwanza”? Bwana Msa angelisema neno hilo huku akiwasha kiko. Katika ploti, yaelekea litasemwa na mama mboga aliye langoni tangu alfajiri, kwani daftari lake la madeni ndilo linaloonyesha nani alipita pale jioni ile.