Shimo jeusi lililojificha nyuma ya vumbi

MTU akiingia jikoni wakati kuni mbichi zinafuka moshi, huenda asiuone moto, lakini uso wake utahisi joto linatoka upande gani. Wanaastronomia nao wamelifuata joto ili kujua kilichojificha katikati ya galaksi ya NGC 1068, iliyo umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 47.

Humo mna shimo jeusi lenye uzito unaozidi wa Jua mara mamilioni. Gesi inayolizunguka huwaka kwa joto kali, ila vumbi limeikinga isionekane. Katika galaksi nyingine za jamii hiyo, kitovu kiko wazi. Kwa nini? Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller waliunasa mwanga wa ndani ukiwa umeakisiwa, kama taa ya chumbani inavyoangaza ukuta wa ukumbini wakati mlango uko wazi kidogo. Likapata nguvu wazo kwamba galaksi hizo ni zilezile, na vumbi lake limekaa mfano wa ngata ya kubebea ndoo kichwani: ukiitazama kutoka juu unaona tundu, ukiitazama ubavuni huoni kitu.

Tatizo ni kwamba kwa umbali huo ngata yenyewe ni ndogo mno kwa darubini moja. Ndipo inapokuja kazi ya Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile. Darubini nne, kila moja ikiwa na kioo cha upana wa mita 8.2, hutazama mahali pamoja. Mionzi ya joto, yaani infraredi, hupitishwa kwenye handaki, ambako vioo vilivyopandishwa juu ya vigari vya reli husogezwa mpaka mawimbi yakutane sawasawa. Hata kosa la sehemu ya elfu ya milimita ni kubwa. Kwa makali ya kuona, ni kama darubini moja yenye upana wa mita 130.

Mwaka 2004 kundi la Walter Jaffe lilipima hapo vumbi la nyuzi 47 hivi za Selsiasi, joto la mchana wa jangwani tu, likizunguka vumbi la moto zaidi.

Kisha mwaka 2020 chombo cha GRAVITY kikaonyesha pete nyembamba, isiyotosha kuficha chochote. Ngata ikatiliwa shaka. Miaka miwili baadaye Violeta Gámez Rosas na wenzake, Jaffe akiwamo, walitumia chombo cha MATISSE kuchora ramani ya joto la vumbi. Waligundua kwamba shimo jeusi huenda halimo ndani ya pete ile, bali pembeni yake, nyuma ya vumbi zito.

Hiyo ni galaksi moja. Katika galaksi ya Circinus, vumbi jingi limeonekana likitoka juu na chini ya kitovu kama moshi, na hilo ngata peke yake haiwezi kulieleza.