Chupa ya mlonge wodini

Mtoto amelazwa kwa maambukizi makali, anachomwa gentamaisini kila siku. Jioni shangazi yake anafika, chupa ya juisi ya mlonge kaificha chini ya kanga. "Mpe kidogo, wifi. Hizi sindano zinaua figo, hii inazilinda."

Hofu yake si ya bure. Gentamaisini hutoka mwilini kupitia figo, na sehemu yake hunasa kwenye mirija midogo ya figo na kuiumiza. Dalili kwenye vipimo kwa kawaida huja baada ya siku kadhaa za sindano. Yakigundulika mapema, madhara hayo mara nyingi hupona.

Hata la mlonge hakulibuni. Watafiti wamejaribu mlonge, habasoda, tangawizi na manjano, na mara nyingi figo za waliopewa mmea zilidhurika kwa kiwango kidogo kuliko za wasiopewa. Ila waliopewa ni wanyama, hasa panya. Panya hao huchomwa miligramu 80 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, makusudi, ili figo ziharibike. Mtoto hupewa kama 7.5. Tena hawanyweshwi juisi ya jikoni, bali dondoo iliyotayarishwa maabara na kupimwa. Mwisho hupasuliwa, figo zikatazamwe kwa darubini.

Na mmea nao unaweza kuua figo. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji waliripoti wanawake walioharibika figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za kupunguza unene mjini Brussels. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa kimakosa na mwingine, wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu.

Wodini, kinga ya figo ni mambo yasiyo na mvuto: mtoto kupimwa uzito ili dozi iwe sahihi, siku za sindano kuhesabiwa, damu kupimwa kreatinini, na maji kutopungua mwilini. Anayeharisha au kutapika yuko hatarini zaidi, hasa akiongezewa ibuprofeni au diklofenaki, ambazo nazo huelemea figo.

Basi mama aulize: zimebaki sindano ngapi? Kreatinini imepimwa? Akiona mtoto anakojoa kidogo kuliko jana, amwambie muuguzi hapo hapo, asisubiri daktari apite asubuhi. Sindano asizikatize mwenyewe. Na ile chupa ya shangazi itolewe chini ya kanga, muuguzi aione kabla mtoto hajaonja.