Kompyuta Inapogoma: Tafuta Sababu, Okoa Kazi

Swali la hitilafu za kompyuta linaweza kukujia kwa sura nyingi. Unaweza kupewa kompyuta isiyoonyesha kitu kwenye skrini, ukaambiwa utaje sababu tatu. Unaweza kusimuliwa habari ya karani ambaye mashine yake inakwenda kwa mwendo wa kinyonga, ukaulizwa ungemshauri nini. Mwanafunzi aliyekariri orodha ya matatizo na suluhisho huanza vizuri, kisha hukwama pale swali linapobadilishwa kidogo tu. Anayejua kinachotendeka ndani ya mashine hahitaji orodha. Najua mtihani wenyewe utaujibu kwa Kiingereza. Lakini nimeona darasani mara nyingi kwamba mwanafunzi akishakielewa kitu kwa lugha anayoizungumza kila siku, msamiati wa mtihani haumpi shida.

Tena si suala la alama peke yake. Ndani ya ile mashine au flashi kuna kazi yako: notsi, mazoezi, maswali ya kundi lenu la majadiliano. Kompyuta inanunulika. Notsi ulizochapa usiku kwa usiku kwa mihula miwili hazinunuliki dukani.

Swali la kwanza: kitu au programu?

Kila hitilafu ianze na swali hili. Je, kilichogoma ni maunzi, yaani kitu kinachoshikika kama waya, kipanya, betri au diski? Au ni programu, yaani maelekezo yanayoiendesha mashine? Namna ya kujua ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha kutazama matokeo.

Chukua kipanya kisichosogeza mshale. Kichomoe, ukichomeke kwenye tundu jingine la kompyuta ileile. Kikifanya kazi, basi tundu la kwanza lina kasoro. Kisipofanya kazi, kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikigoma huko pia, kipanya kimekufa. Kikikubali huko, rudi kwenye kompyuta ya kwanza, maana tatizo liko kwake, na huenda ni programu. Kwa majaribio mawili umeshafika karibu kabisa na kasoro, na hujatumia hata shilingi. Mwanafunzi anayebadilisha waya, tundu na kipanya kwa mpigo anaweza kufanikiwa pia, lakini hatajua kilichoponya, na kesho ataanza upya.

Skrini nyeusi inafuata njia hiyohiyo. Sikiliza kama feni inavuma na tazama kama taa ya kompyuta inawaka. Vikiwepo vyote viwili, umeme umefika kwenye kompyuta. Kagua sasa skrini yenyewe, swichi yake, waya wake wa umeme na waya unaoiunganisha na kompyuta. Visipokuwepo, anza ukutani kwenye soketi. Usicheke. Nimewahi kuitwa ofisini kutengeneza kompyuta ambayo soketi yake ilikuwa imezimwa na mfagizi.

Kwa nini kuwasha upya husaidia

Ushauri wa "zima uwashe" umekuwa kama utani, lakini una sababu. Programu inayofanya kazi hukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ambayo husahau kila kitu umeme unapoondoka. Programu zikifunguliwa na kufungwa kutwa nzima, nyingine huacha mabaki, nyingine hunasa zikisubiri jambo lisilokuja. Kuwasha upya hufuta ubao wote na kuanza kuandika upya.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kuanzia Windows 8, ukichagua kuzima kompyuta kwa kawaida, mfumo huhifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho uwake haraka. Kwa hiyo kasoro iliyokuwa ndani ya sehemu hiyo inaweza kulala nayo na kuamka nayo. Amri iliyoandikwa Restart haifanyi hivyo. Yenyewe huanza mwanzo kabisa. Ukitaka kuondoa usumbufu, itumie hiyo.

Kama tatizo ni kasi tu, usiwashe upya kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huonyesha kila programu na kiasi cha kichakato, kumbukumbu na diski inachotumia. Kumbukumbu ikiwa imejaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM. Ndiyo maana mashine yenye RAM ya GB 4 huenda vizuri ukiwa na ukurasa mmoja wa intaneti, kisha hujikokota ukifungua kurasa ishirini. Dawa ni kufunga usichotumia, na kuzuia programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka. Diski iliyojaa pomoni nayo huleta uzito huohuo.

Flashi iliyojaa njia za mkato

Hili nalieleza kwa urefu, maana ndilo lililonigharimu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, msichana wa kidato cha nne aliniletea flashi. Kila folda yake ilikuwa imegeuka njia ya mkato, ile aikoni yenye kishale kidogo pembeni, na baadhi zilikuwa hazifunguki. Niliona kirusi, nikajiona bingwa. Nikaifomati. Flashi ikapona, ikawa safi kama mpya. Akaniuliza, "Mwalimu, na notsi zangu je?" Zilikuwa notsi za masomo matatu, na nakala nyingine hakuwa nayo. Aliingia kwenye mtihani akisoma madaftari ya kuazima. Sikujua wakati ule kwamba notsi zake zote zilikuwa bado mle ndani, nzima, hadi dakika ile nilipobofya.

Kinachotokea ni hiki. Kirusi cha aina hiyo hakifuti mafaili. Huyawekea alama mbili: ya faili lililofichwa na ya faili la mfumo. Kisha hutengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, unakiendesha kirusi chenyewe, nacho huhamia kwenye kompyuta yako kusubiri flashi nyingine. Ndivyo kinavyotembea kutoka steshenari hadi maabara ya shule na kurudi nyumbani.

Dalili ya kwanza ya kuaminika ni ujazo. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na utazame sifa zake. Ikiwa folda zinaonekana tupu lakini flashi inasema GB 3 zimetumika, kazi yako ipo. Usibofye njia yoyote ya mkato. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kama flashi imepewa herufi F, andika amri hii:

attrib -h -s -r /s /d F:\*.*

Katika amri hiyo, -h huondoa alama ya kufichwa, -s huondoa alama ya faili la mfumo, na -r huondoa zuio la kusomwa tu. /s huagiza kazi ifanyike hadi ndani ya folda ndogo, na /d huzihusisha folda zenyewe. Angalia herufi ya flashi yako vizuri kabla ya kubonyeza Enter. Baada ya muda mfupi folda zako zitaonekana tena. Mara nyingine kirusi huwa kimezirundika zote ndani ya folda moja isiyo na jina; ifungue, zimo humo. Nakili mafaili yako mahali salama, futa njia za mkato, kisha ichunguze flashi na kompyuta yenyewe kwa programu ya kuzuia virusi. Ukisafisha flashi peke yake, kompyuta itaiambukiza tena ukiichomeka tu.

Na kama umeshafomati? Acha kuitumia flashi hiyo mara moja. Kufomati kwa haraka hufuta orodha inayosema kila faili liko wapi, lakini yaliyomo hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake. Mpelekee mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili, na kabla ya hapo usihifadhi humo hata picha moja. Ushauri huu ningeujua mwaka ule, pengine ningemwokoa yule binti.

Saa iliyorudi nyuma

Kompyuta ya mezani iliyozeeka huwa na tabia ya kuamka ikiamini kwamba tuko miaka kumi na zaidi iliyopita. Unarekebisha saa, kesho yake imerudi palepale. Ndani yake, kwenye bodi kuu, kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, kwa kawaida ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Hiyo ndiyo inayoendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Ikiisha, saa husahau. Ni betri ya bei ndogo inayouzwa hata kwa mafundi wa saa, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, mradi umechomoa waya wa umeme kwanza.

Kinachochanganya watu ni kwamba hitilafu hiyo hujitokeza mahali pengine kabisa: intaneti. Kurasa zinakataa kufunguka na onyo linasema muunganisho si salama. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2010 hukitazama cheti cha mwaka huu na kuona hakijaanza kutumika. Mtumiaji hulaumu mtandao, hununua bando jingine, na tatizo linabaki. Kwa hiyo ukiona onyo hilo kwenye kila tovuti, tazama saa kwanza.

Herufi zinazojiamulia

Mambo ya kibodi ni mepesi, nitayapita haraka. Neno la siri likikataliwa, tazama taa ya Caps Lock. Kwenye baadhi ya kompyuta ndogo za mapajani, ukiandika "mlima" na ikatoka "0350a", Num Lock imewashwa, na baadhi ya herufi za upande wa kulia zimegeuka tarakimu. Ukitafuta alama ya @ ukapata alama za kunukuu, kibodi imewekwa kwa mpangilio wa Uingereza badala ya Marekani. Kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi hubadilisha mpangilio, ikiwa yote miwili imewekwa kwenye kompyuta.

Katika Word, ukiandika (c) kwenye orodha ya maswali, hugeuka © yenyewe. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo, itarudi ulivyoandika. Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili nayo si makosa yako: programu inayakagua maneno yako kana kwamba ni ya Kiingereza. Badilisha lugha ya ukaguzi.

Siku ya kuprinti

Umefika steshenari, foleni ndefu, na printa inawasha taa bila kutoa karatasi ingawa karatasi zimo. Mara nyingi sababu ni kipimo. Hati imepangwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279, wakati kwenye printa mna A4, milimita 210 kwa 297. Printa inasubiri karatasi ambayo hapa kwetu haipo. Chagua A4 kwenye mpangilio wa ukurasa na mambo yatakwenda. Na kama mwandiko na kurasa vinavurugika kila ukifungua hati kwenye kompyuta ya mwenzako, huenda kompyuta hiyo haina aina ya herufi uliyotumia. Hifadhi nakala ya PDF kabla ya kutoka nyumbani, maana hiyo hubeba mpangilio wake.

Umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi, Word hujaribu kurejesha ulichoandika, lakini kwa kawaida hujiwekea akiba kila baada ya dakika 10. Mwandishi mwenye kasi hupoteza ukurasa mzima ndani ya muda huo. Ctrl na S kila unapomaliza aya. Na nakala ya pili iwe nje ya flashi hiyohiyo. Folda mbili ndani ya flashi moja ni nakala moja tu.

Jipime

1. Printa haiprinti kutoka kompyuta A, lakini inaprinti kutoka kompyuta B kwa waya uleule. Ni sehemu zipi umeshajua kuwa hazina kasoro? Toa sababu.

2. Flashi ya GB 8 inaonekana tupu, lakini sifa zake zinaonyesha GB 5 zimetumika. Eleza hatua utakazochukua kwa mpangilio, na utaje hatua moja ambayo hutaichukua.

3. Kompyuta ya ofisi hufungua tovuti zote vizuri mchana kutwa. Asubuhi inayofuata, baada ya umeme kukatika usiku, inakataa kila tovuti salama. Simu iliyo kwenye mtandao huohuo haina shida. Taja kifaa unachokishuku na ueleze uhusiano wake na tovuti.

4. Mwenzako anazima kompyuta yake kila usiku, lakini programu moja inaendelea kugoma kila asubuhi. Mshauri jambo moja la kujaribu kabla ya kuiondoa programu hiyo.