Mwezi wa Alfajiri ni Shahidi wa Mwezi wa Jioni



Kila Shaabani inapokaribia kwisha, simu za majumbani mwetu hujaa ujumbe: umeonekana, haujaonekana, umeonekana mahali fulani. Pwani yetu kwa miaka mingi ina nyumba zinazofuata tangazo la Makka, na nyumba zinazosubiri mwezi uandame hapa hapa na Kadhi Mkuu atangaze. Hutokea mama wa Malindi akasherehekea Idd ilhali binti yake aliyeolewa Kilifi bado amefunga. Hitilafu hii ni ya kale. Kuraib, aliyetumwa Sham na Ummul Fadhl, alirudi Madina akakuta watu wameuona mwezi usiku mmoja baada ya watu wa Sham, na Ibn Abbas hakuiacha ruya ya Madina kwa ajili ya ile ya Sham. Wanavyuoni wamo pande zote mbili, nasi hatukukusudia kuwahukumu katika ukurasa huu. Neno letu ni jingine: wengi wanaobishana juu ya mwezi hawajatoka nje kuutazama.

Nasi tumepewa mahali pepesi pa kutazamia. Kibla chetu hapa Malindi ni kaskazini karibu sawasawa. Aliyesimama kuswali, kuliani kwake ni bahari, na huko ndiko kunakopambazuka. Kushotoni kwake ni bara, na huko ndiko jua linakotua na mwezi mwandamo unakotafutwa. Upande wa bahari hauna kizuizi. Upande wa bara una minazi, miembe na majumba, basi mwenye kutafuta hilali hana budi kupanda juu ya paa au kwenda penye uwazi. Watu wa Kilifi wana daraja lao: mwenye kusimama pale akalitazama hori linavyoingia bara hupata upeo mzuri wa magharibi.

Sasa tuje kwenye mwezi wenyewe. Watu huanza kuutafuta jioni ya ishirini na tisa, na kwa hakika kazi huanza siku tatu kabla, tena alfajiri. Akina mama ndio wanaoamka mapema kuliko wote nyumbani, nao ndio wanaofaa zaidi kwa kazi hii. Tarehe ishirini na sita na ishirini na saba, kabla ya jua kuchomoza, mwezi mkongwe huonekana juu ya bahari, umekonda na kupinda kama lile karara kuukuu la mtende lililotajwa katika Surat Yasin. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa dakika hamsini hivi, ukilisogelea jua, hadi asubuhi moja hauonekani tena. Wavuvi nao huujua kwa maji, maana mwezi ukifa na kuandama ndio wakati wa bamvua.

Hapa pana kanuni ambayo kila nyumba yafaa iijue. Mwezi ulioonekana mashariki alfajiri hauwezi kuonekana magharibi jioni ya siku ile ile. Sababu yake si ngumu. Nyosha mkono mbele ukunje ngumi: ngumi hiyo hufunika digrii 10 hivi za mbingu. Mwezi ukiwa karibu na jua chini ya digrii 7 hivi, jicho haliuoni. Nao husogea, ukilinganishwa na jua, kwa nusu digrii kila saa. Kutoka digrii 7 upande huu wa jua hadi digrii 7 upande wa pili ni safari ya saa 28 hivi, na baina ya alfajiri na Magharibi hazipiti saa kumi na nne. Basi mama aliyeuona mwezi juu ya bahari asubuhi ana hoja kuliko ujumbe wa simu unaodai kuwa umeandama jioni hiyo.

Mfano haujapoa. Tarehe 29 Machi 2025 jua lilipatwa kwa sehemu, wakaona watu wa Ulaya na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Mwezi na jua vilikutana siku hiyo karibu saa nane mchana kwa saa zetu, na kwa hiyo jua lilipotua Malindi mwezi mpya ulikuwa na umri wa saa nne na nusu tu. Mwezi ambao haujatimiza saa 15 ni nadra mno kuonekana kwa macho matupu. Hata hivyo Saudia ilitangaza Idd kuwa Jumapili, tarehe 30. Anayefuata tangazo ana dalili zake za kisheria. Lakini mtu wa pwani hii angekuja kuapa kwamba aliuona kwa jicho lake jioni ile, tungemuuliza maswali mengi. Imamu Taqiyyuddin as-Subki, katika Mashafii, alikwisha kusema zamani kwamba ushahidi unaogongana na hesabu ya yakini haukubaliwi.

Si lazima awe mwongo. Pengine ameona Zuhura. Sayari hii hung'aa kuliko nyota zote, na haitengani na jua kwa zaidi ya digrii 47, ndiyo maana huionekani usiku wa manane: ama hufuata jua jioni, ama hulitangulia alfajiri. Nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni moja. Inapokaribia kupita baina yetu na jua, mwenye darubini ndogo huiona na umbo la hilali kamili, na hapo wengi huchanganyikiwa. Jicho tupu huiona nukta tu. Tena mwezi wa kesho yake utakuwa juu zaidi na mnene zaidi, wakati Zuhura itakuwa karibu pale pale ilipokuwa.

Nyingine watoto watazijua upesi. Nyota humetameta, sayari hutulia. Mushtarii ni nyeupe, hukaa hata usiku kucha, nayo huzunguka mbingu kwa miaka 12. Mirihi ina wekundu. Zohali ni hafifu, yenye umanjano, na mzunguko wake ni miaka 29. Utaridi ni ya wenye subira, kwani haiachani na jua zaidi ya digrii 28. (Pale Ngomeni, tarehe 12 Disemba 1970, Waitalia walirusha chombo cha Wamarekani kilichoitwa Uhuru, kwenda kupima miale ya mbinguni isiyoonekana kwa macho. Vinavyoonekana vimeachiwa sisi.)

Wakati wa daku, upande huo huo wa bahari, atazamaye penye giza, mbali na taa za mji, huenda akaona kwanza mwanga mrefu uliosimama wima, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwamwitu. Hiyo ni alfajiri ya uongo, haiharamishi chakula. Ya kweli hutandaa kwa upana juu ya maji, kulia na kushoto.

Na aliyeuona mwezi wa Ramadhani kwa jicho lake, mwanamume au mwanamke, katika madhehebu yetu ya Shafii funga imemlazimu yeye mwenyewe, hata kauli yake isipokubaliwa kwa watu. Akienda kutoa habari, aende na majibu: ilikuwa saa ngapi, alisimama wapi, mwezi ulikuwa ngumi ngapi juu ya upeo, ulikaa muda gani kabla ya kuzama, na pembe zake zilielekea wapi. Kwetu hilali hulala kama mashua, ikiinama kidogo kaskazini au kusini kwa kufuata msimu, na pembe zake daima hulipa jua kisogo. Aliyeona pembe zimeelekea chini, kule jua lilikotua, ameona wingu.