Askari mmoja, majina matatu

Ukitaka kujua kwa nini askari mstaafu wa Kambove, hapa Kongo, anaweza kuzungushwa miaka na miaka kabla ya kuipata haki yake, mwambie atandaze karatasi zake zote mezani. Kitabu cha jeshi kina jina hivi, cheti cha ubatizo kina vile, na kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani walio wengi ndiyo kitambulisho pekee, ina lake. Mzee ni yule yule; majina ndiyo hayapatani. Na kwa karani wa malipo, majina mawili ni watu wawili.

Tuseme ni kijana aliyebatizwa Joseph katika misheni moja ya Katanga, akaingia jeshini mwaka 1968. Karani wa kambi aliandika alivyosikia. Jina la Kiluba ambalo kila mtu huku hulitamka bila taabu huandikwa Ngoy, Ngoie au Ngoyi, kutegemea aliyeshika kalamu. Kijana hakuulizwa ni lipi. Akapewa namba ya matrikule, akavaa sare, akaenda zake.

Miaka minne haijapita, siasa ikaingia ndani ya jina lenyewe. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa kuyatupa majina ya Kizungu. Kwa kijana wetu, jina Joseph likafutwa, likawekwa la babu, hilo ambalo hadi leo tunaliita postnom. Baada ya Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, watu wakaanza kuyarudisha majina ya ubatizo. Joseph naye akarudi, ila sasa akawekwa mwisho wa mstari. Tangu hapo kila fomu inadai jina, postnom na prénom, yaani jina la ubatizo, kwa mpangilio wake. Mwandikishaji akichanganya nafasi mbili tu, mzee amekuwa mtu mwingine.

Hata mahali alipozaliwa hapakutulia. Likasi, mji ulio kilomita 25 hivi kutoka Kambove, uliitwa Jadotville kuanzia 1931 hadi 1966. Mkoa ulikuwa Katanga, Mobutu akauita Shaba, mwaka 1997 ukarudi kuwa Katanga, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuhama nyumba, na bado karatasi zake zikaonyesha kama amezaliwa sehemu tatu.

Jeshi nalo lilikuwa likibadilika. Force Publique ya Wabelgiji iligeuzwa kuwa Jeshi la Taifa la Kongo mwaka 1960, likawa Jeshi la Zaire enzi za Mobutu, likapewa jina jingine Laurent-Désiré Kabila aliposhika nchi mwaka 1997, na baada ya vita likaundwa upya kuwa jeshi la sasa, FARDC. Kila mara orodha zilinakiliwa, na anayenakili hukosea. Umoja wa Ulaya ulipotuma ujumbe wake wa EUSEC mwaka 2005, kazi mojawapo kubwa ilikuwa kuwahesabu askari kwa alama za vidole na kuitenga njia ya mishahara na mikono ya makamanda. Ilikuwa kazi ya lazima, maana askari hewa walikuwa wamejaa kwenye orodha. Lakini chujio linalomnasa askari hewa humnasa pia askari wa kweli ambaye jina lake limekosewa. Mzee aliyetumikia nchi ujana wake wote anajikuta akishukiwa pamoja na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Hapa Katanga kuna kundi jingine ambalo hali yake ni ngumu zaidi: waliokuwa majandarmu, yaani askari, wa Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga na Kongo. Waliipigania kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Baadhi waliingizwa katika jeshi la taifa, wengine wakakimbilia Angola, wakarudi na silaha Shaba mwaka 1977 na Kolwezi mwaka 1978, na mwaka 1997 wakaingia upande wa Kabila. Askari wa namna hiyo jina lake lilipita katika madaftari ya serikali iliyokufa, ya uhamishoni na ya waasi. Aende ofisi gani kuomba lisahihishwe?

Wapo askari wa vita hivyo walioweza kuipata haki yao, ila si wa kwetu. Septemba 1961, hapa hapa Jadotville, wanajeshi wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, walizingirwa na majandarmu pamoja na mamluki. Walipigana siku tano, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Kwao walipokewa kama watu walioleta aibu, na miaka mingi habari yao haikutajwa. Wao na familia zao hawakuchoka kudai. Mwaka 2016 kikosi kizima kilitunukiwa heshima rasmi, na Desemba 2017 medali ya Jadotville ikatolewa, wengi wao wakiwa wameshafariki. Vita ni ile ile, uwanja ni ule ule. Tofauti ni kwamba askari wa Ireland alikuwa na daftari moja la kufuatilia, serikali moja ya kudai, na watu wa kumsemea.

Kwetu, anayebahatika ni mmoja mmoja. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyekuwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Wenzake wengi walikuwa wamezikwa zamani.

Sheria yenyewe si mbaya. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, kifungu cha 64, inakataza mtu kubadili jina au hata namna linavyoandikwa, ila mahakama ikiruhusu kwa sababu ya haki. Basi mzee apeleke ombi, alete mashahidi, asubiri hukumu, hukumu iandikwe kwenye daftari la hali ya raia, kisha nakala zifike jeshini. Kwa mwenye wakili na gari, ni kazi ya kuvumilia. Kwa mzee anayekopa nauli ya kwenda Likasi, kila “rudi wiki ijayo” inamla. Akifa kabla ya kumaliza, mkewe anairithi kesi hiyo pamoja na cheti cha ndoa chenye jina jingine tena.

Sheria hiyo ilitungwa kumzuia raia asijibadilishe jina apendavyo. Askari huyu hakubadili chochote. Waliobadili ni karani, rais na mwandikishaji. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha usiwe wake. Namba ya matrikule ikilingana, na alama za vidole zikilingana, herufi iliyopotea isahihishwe na jeshi lenyewe, kwa gharama yake, bila kumpeleka mzee mahakamani. Mahakama ibaki kwa kesi zenye shaka ya kweli, na majaji wazifuate Kambove badala ya wazee kuwafuata wao mjini. Kijana aliyeapa mwaka 1968 sasa ana miaka 75 na zaidi, na usahihisho utakaotoka baada ya mazishi hautamlipia dawa.